Asante, mzee wa pedali

Mzee wangu uliyenijibu usiku ule nilipouliza jinsi ya kupata sauti ya wimbo mmoja kwenye pedal steel, lile gitaa la kulazwa lenye pedali za kukanyaga, shikamoo. Jina hukuniachia, basi nakushukuru hapa hadharani.

Miezi mitatu nilihangaika na "Slowly", wimbo wa country wa Mmarekani Webb Pierce, wa 1954, nikisukuma kile chuma juu ya nyuzi mbele na nyuma kama mtu anayepiga pasi. Wapi! Ukaniambia chuma nikiache palepale, nikanyage pedali. Kumbe ile sauti ya Bud Isaacs, mpiga gitaa wa rekodi hiyo, iliyokuwa inanikondesha ilitoka mguuni. Kwenye gitaa langu, ambalo nyuzi zake zimepangwa kwa mtindo uitwao E9, pedali mbili zikishuka pamoja, uzi wa tano unapanda kutoka noti ya B hadi C#, wa sita kutoka G# hadi A, na wa nne unabaki E yake, umetulia tuli.

Ukanipa na dawa ya masikio: punguza kasi ya rekodi hadi nusu, fuata noti moja tu. Ikipanda na jirani yake hajatikisika, hiyo ni pedali.

Jana nimeupata ule utangulizi wa wimbo, angalau nusu yake. Mke wangu naye anakushukuru; anasema sasa walau unafanana na muziki.