Kijana karefuka, na sasa haoni ubaoni: je, ni urefu?

Mama mmoja aliingia kwenye duka letu la miwani, hapa Tabora mjini, akiwa na mwanawe wa miaka 19, mrefu hadi anainama mlangoni. Tulipomaliza kujuliana hali akaniuliza: "Baba, huyu kakua ghafla, na macho nayo yakaanza kusumbua. Si ndiyo urefu umeyavuta?"

Swali hilo naulizwa mara nyingi, na lina mantiki, maana jicho nalo hukua. La mtoto mchanga lina kama milimita 17 toka mbele hadi nyuma. La mtu mzima hufika karibu 24. Likizidi milimita 1 tu kuliko linavyotakiwa, picha ya kitu cha mbali inatua kabla ya kufika kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na mwenye jicho ataona ukungu. Watu warefu kweli huwa na macho marefu kidogo. Ila kioo cha mbele cha jicho lao nacho kwa kawaida huwa bapa zaidi, hivyo kimoja kinafidia kingine.

Mwaka 2012 ulitoka utafiti uliofanywa Seoul, Korea Kusini, kwa vijana wa kiume zaidi ya 23,000 wenye umri wa miaka 19, waliokwenda kupimwa afya kwa ajili ya jeshi. Zaidi ya 96 katika kila 100 walikuwa na tatizo la kutoona mbali. Urefu na uzito wao vililinganishwa na macho yao, na havikuonekana kuwa chanzo. Kilichoonekana ni elimu: waliosoma zaidi ndio waliokuwa na tatizo zaidi. Miaka 6 baadaye watafiti wa Uingereza walipima jambo hilohilo kwa watu wazima karibu 68,000, wakakuta kila mwaka wa masomo unaoongezeka unasogeza namba ya miwani upande wa hasi, yaani wa kutoona mbali, kwa robo hivi. Tena ni masomo yanayosogeza namba hiyo. Si kwamba wasioona mbali ndio wanaopenda kusoma.

Mzazi, tafadhali usimwachishe mtoto shule kwa hilo! Tatizo la shule ni namna siku inavyopita. Fikiria mwanafunzi wa bweni: darasani asubuhi hadi jioni, usiku prepo, kisha simu chini ya shuka. Jicho linashinda likitazama vitu vya karibu, na mwanga wa nje halipati. Mwanga mkali wa mchana husaidia kuzuia jicho la mtoto lisirefuke kupita kiasi. Na sisi watu wa Tabora jua tunalo, na miembe tunayo. Hata kivulini chini ya mwembe mwanga ni mwingi mara nyingi kuliko ndani ya darasa. Mtoto wa shule ya msingi acheze nje saa 2 hivi kila siku. Kwa kijana ambaye jicho limeshakuwa refu, jua halitalifupisha. Huyo anahitaji lenzi.

Nirudi kwa yule kijana. Nilimsimamisha mita 6 kutoka kwenye chati, akaishia mstari wa tatu huku amekunja uso. Nikampa kadibodi nyeusi yenye tundu dogo kama la msumari mwembamba, achungulie kwa jicho moja. Akakaa kimya kidogo, kisha akasoma hadi mstari wa sita. Mama yake akasogea kutazama chati kana kwamba imebadilishwa. Tundu lile linapitisha mwanga mwembamba tu, ukungu unapungua. Mtu akiona vizuri kupitia hapo, kwa kawaida miwani itamsaidia. Asipoona vizuri, hatumuuzii miwani. Tunamwandikia barua aende kwa daktari wa macho hospitali.

Namba yake ilikuwa hasi 2. Maana yake bila miwani anaona sawasawa hadi nusu mita tu, yaani simu na daftari. Ndiyo maana nyumbani walidhani anasingizia. Hili linaniuma, kwa sababu nami nilimaliza kidato cha pili nikinakili kwenye daftari la jirani, na mwalimu akaniita mvivu mbele ya darasa.

Uzito wa mwili tunauulizia kwa sababu nyingine. Kijana mnene ambaye macho yamebadilika ndani ya wiki chache, ana kiu na anakojoa mara kwa mara, kwanza akapime sukari. Sukari ikipanda, lenzi ya ndani ya jicho hubadilika, na miwani ya leo haitamfaa mwezi ujao. Hata mwembamba mwenye dalili hizo akapime.

Na lile la kwamba miwani inaharibu macho, hapana. Ukiivua unaona tofauti kwa sababu umeshajua kuona vizuri kukoje.

Kupima kwetu huchukua nusu saa hivi. Ukishapimwa hulazimiki kununua. Tunakuandikia namba zako, uende nazo popote. Kama una miwani ya zamani, hata iliyovunjika mkono, njoo nayo tusome lenzi zake. Wanafunzi wa bweni waje likizo inapoanza, maana lenzi zisizokuwepo dukani tunaziagiza Dar es Salaam na huchukua siku kadhaa. Yule kijana alisubiri siku tano. Alipovaa, alitoka hadi barazani akaanza kumsomea mama yake maandishi ya bajaji zilizokuwa zinapita barabarani.