Kima punju wapo, na vidaka vyetu je?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkulima wa Pete, jirani kabisa na Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Kima punju, wale kima wekundu wa msituni humo, hawajui mpaka. Asubuhi hushuka kundi zima, mama na watoto wameng'ang'ania kifuani, wakakaa juu ya minazi yangu kung'oa vidaka, yaani nazi changa. Hula kidogo, nusu wanaangusha. Chini ya mnazi mmoja juzi niliokota 23.

Siwachukii. Najua mnyama huyu hapatikani kwingine duniani ila Zanzibar, na mgeni hulipa kuja kumtazama. Hata mkaa wangu wa jikoni huuiba wakautafuna. Wenye elimu wanasema unawasaidia kwa kunasa sumu ya majani wanayokula. Basi nacheka, nanunua mwengine.

Lakini mgeni akishapiga picha shambani kwangu huondoka, na minazi hubaki mitupu. Fungu la kijiji litokanalo na fedha za wageni linajenga, sikatai, ila halinirudishii nazi. Ninachoomba ni kwamba wanaohusika waje wahesabu minazi iliyo mpakani, mwenye shamba akiwepo, kabla hatujashawishika kuuza viwanja kwa wajenzi wa mahoteli. Hapo kima atakula nini?

Mkulima, Pete, Unguja