Shoga, mwamini yule askari

Shoga yangu Mama Salum,

Assalaam aleikum. Sauti uliyonitumia niliisikiliza usiku nikitoka zamu, na kwa jinsi ulivyomuigiza yule askari, nilicheka peke yangu kwenye basi mpaka watu wakageuka. Huku Pennsylvania, Marekani, baridi imeshaingia, lakini sisi wazima, alhamdulillahi. Baba Nasra anakusalimu.

Nije kwenye swali lako. Unasema askari wa wanyamapori kaletwa zahanati kapasuka juu ya jicho la kulia, anadai bunduki yake mwenyewe ndiyo iliyomgonga, nanyi mkatazamana: huyu kapigwa nyumbani, anaona haya, tumdai PF3, ile fomu ya polisi, au tumwache? Kwa ulivyonieleza, mimi namwamini. Jeraha hilo nalishona kila mwaka. Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huku hufunguliwa Jumamosi inayofuata sikukuu ya Shukrani. Kabla ya 2019 ulikuwa ukianza Jumatatu, na mpaka leo shule nyingi za vijijini zinafungwa Jumatatu hiyo, maana hata walimu wako porini. Kabla jua halijazama wameshaanza kutujia: mwanamume mzima kajishika kitambaa usoni, damu imefika kwenye ndevu, na kinachomuuma zaidi ni kicheko cha shemeji yake aliyemleta.

Bunduki yenye darubini inataka jicho likae nyuma ya kioo kama sentimita nane hadi kumi hivi. Sasa mtu akinyoosha shingo ili aone vizuri, au akilenga mnyama aliye mlimani juu yake, au kitako hakikubana begani, risasi ikitoka bunduki inarudi nyuma na ukingo wa darubini unamkuta hapo hapo. Unakata nusu duara safi, kama hilali, kwenye nyusi au juu ya pua, upande wa jicho analolengea. Ngumi haikati hivyo. Ngumi hupasua ovyo na kuvimbisha uso. Muulize basi analenga kwa jicho gani, na kwa bunduki gani. Akikutajia .375, ile ya nyati na tembo, umeshapata jibu, kwani inasukuma karibu mara mbili ya .30-06 wanayowindia wengi huku.

Hata hivyo mtoe nje yule mwenzake aliyemleta kwanza ndipo umuulize. Wanaume wanaopigwa nyumbani wapo, nasi manesi tuna kaubaya ka kuwacheka.

Kushona wewe ni hodari kuliko mimi, ila nyusi usizinyoe. Ndizo zinazokuonyesha kingo zikutane wapi, na kuota kwake ni kwa kudra. Tumia uzi mwembamba kabisa mlio nao, na uutoe siku ya tano. Kabla ya kushona mpime kuona jicho moja moja, bonyeza mfupa kuzunguka jicho lote, muulize kama anaona vitu viwili viwili. Chanjo ya pepopunda unaijua.

Ukikaa sana na watu hawa unaanza kujua silaha kwa kutazama kovu. Wazee wengine wana kidole gumba kilichopondeka ukucha, na hiyo ni Garand, bunduki ambayo jeshi la Marekani liliipokea 1936 na kupigana nayo Vita Kuu ya Pili na Korea. Risasi nane zimebanwa pamoja kwenye kibanio cha bati, unazisukuma ndani kutoka juu kwa gumba, na zikishakaa bolti inaruka mbele yenyewe. Usipowahi kutoa kidole, imekula kwako. Siku hizi wanaokuja ni wajukuu waliorithi bunduki ya babu. Tunatoboa ukucha kwa waya wa moto, damu nyeusi inaruka, na maumivu yanakwisha palepale. Kuna kijana alitaka kunikumbatia. Mistari miwili sambamba kati ya gumba na kidole cha shahada ni bastola iliyoshikwa juu mno, slaidi, kile chuma cha juu, ikarudi na kuchana. Hiyo ni plasta tu.

Wanawake wenzetu yao ni ganda la risasi. Linatoka la moto, linadondokea kifuani kwenye blauzi iliyo wazi. Alama yake ndogo, wala haikai. Tatizo ni mtu kuanza kurukaruka na bastola mkononi, kidole bado kiko kwenye traiga! Ndiyo maana walimu wa shabaha wanataka ufunge vifungo mpaka shingoni.

Alama za gobore wewe ndiye mwalimu wangu. Ila usidhani ni za huko tu: huku baada ya Krismasi kuna msimu mwingine wa kulungu, wa bunduki za gumegume, zile zinazowashwa kwa cheche ya jiwe, na baruti ikiwaka karibu na uso, chembe zake huingia shavuni vilevile. Zisugue siku hiyohiyo kwa brashi laini baada ya ganzi, ingawa mgonjwa atakulaani. Ngozi ikishafunga juu yake, weusi ule ni wa maisha.

Lakini hayo yote, mama, watu wanajisifia. Wanakunja mikono ya shati wakuonyeshe. Masikio hawayataji, na ndiyo yasiyopona. Mlio wa bunduki karibu zote unapita desibeli 140, na anayelengea bega la kulia huumia zaidi sikio la kushoto, kwa sababu ndilo lililoelekea kwenye mtutu. La kulia linafichwa na kichwa chake. Huyo wako akirudi kutolewa nyuzi, simama kushoto kwake umsemeshe kwa sauti ya chini, akiwa hakutazami mdomo. Muulize kama kuna kitu kinamlilia sikioni usiku. Asikuambie anaziba kwa pamba, pamba haizuii kitu. Aombe viziba masikio vya kweli kazini kwao. Na mkewe akija kulalamika kwamba mume hamsikilizi, mueleze naye.

Ile picha yake uliyonitumia nimeshaifuta, nawe ifute. Sura yake yote inaonekana.

Nisalimie Salum na bibi yake. Habari za mguu wa bibi hukunipa.

Shoga yako,
Mama Nasra