Karanga zisimwagiwe maji wakati wa kubangua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu sumukuvu, hasa kwa kaya za mkoa wetu wa Dodoma ambazo msimu huu wa mavuno zina karanga na mahindi uani.

Juma lililopita nilipita kwa jirani yangu hapa Kongwa, nikamkuta na binti zake wakibangua karanga za mfanyabiashara anayewalipa kwa debe. Kabla ya kufungua gunia jipya, binti mkubwa alichota maji kwa kopo, akayanyunyiza juu ya maganda, akafunika kwa kiroba na kusubiri. Nilipomuuliza sababu, alinionyesha vidole vyake vilivyochubuka, akasema ganda likilowa halimuumizi na debe hujaa mapema. Simlaumu binti yule. Lakini karanga iliyokwisha kuanikwa ikakauka, ikirudishiwa maji kisha ikashindiliwa guniani na kuwekwa stoo yenye joto, huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao ndio wanaotengeneza sumukuvu.

Tumezoea kuamini kwamba moto humaliza kila kitu, na kwa vijidudu vingi vya tumboni ni kweli, ndiyo maana tunachemsha maziwa na kupasha moto kiporo. Sumukuvu haimalizwi na moto wa jikoni. Ukaange karanga, usonge ugali, uchemshe kande tangu asubuhi hadi mchana, sumu hubaki, na kwenye unga huwezi kuiona kwa macho. Kwa hiyo kazi yote ya kujikinga lazima ifanyike kabla chakula hakijaingia chunguni.

Wakazi wa kanda yetu hatuna haki ya kusahau mwaka 2016, ambapo watu 68 wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sumu hii na 20 kati yao wakafariki. Walitapika, matumbo yakauma na kujaa, macho yakawa ya manjano kwa sababu ini lilikuwa limeharibika, na mahindi yaliyochunguzwa majumbani mwao yalikutwa na sumukuvu. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi haanguki ghafla hivyo, bali hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Kama una shaka kwamba hayajakauka, chukua chupa kavu ya kioo, tia punje na chumvi kavu kidogo, tikisa, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Kuchambua ndiko kunakonitia uchungu zaidi. Mama hukaa na ungo, akatoa kwa uangalifu punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu, kisha zile zile hazitupwi: hupelekwa kwenye pombe, hupewa mifugo, au husagwa na kuuzwa kwa bei rahisi kama unga wa karanga wa kutia kwenye mlenda na uji wa watoto. Ng'ombe akilishwa nafaka yenye sumukuvu, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa yake, na mtoto tuliyemwepusha na punje mbovu huipata kwenye kikombe. Punje hizo zifukiwe shimoni.

Kwa wafanyabiashara wanaotoa kazi ya kubangua kwa debe, ninawasihi waongeze malipo kwa karanga zilizobanguliwa kavu, au wavikopeshe vikundi vya akina mama mashine za kubangulia za mkono, ili binti yule asilazimike kuchota maji.

Msomaji wako,
Kongwa, Dodoma