Tuwalipe mafundi hela ya kupima gari inayochemsha, sio ya spea tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee magari yanayochemsha hapa Mwanza, maana ukipita barabara ya Musoma mchana, kuanzia Igoma kwenda Kisesa huko, hukosi gari imefunguliwa boneti pembeni na watu wamesimama na ndoo, na mwaka huu mimi mwenyewe nimekuwa mmoja wao.

Nauza vitenge minadani, natembelea Toyota Corolla yenye injini ya 1NZ. Siku hiyo natoka Magu, buti imejaa mzigo, nikaona mshale wa temperecha unapanda taratibu mpaka ukakaribia alama nyekundu. Nilishawahi kusikia kwamba ukifungulia hita ya ndani mpaka mwisho inasaidia kupunguza moto wa injini, nikafungulia, upepo uliotoka ni baridi kabisa. Sikuelewa maana yake siku ile. Kumbe hita ikitoa baridi wakati injini inaungua mara nyingi ujue maji yamepungua sana, hayafiki hata kwenye hita. Nikazima gari. Kijana wa bodaboda akaja mbio anataka kufungua mfuniko wa rejeta, namshukuru sana mama mmoja wa pale nyumba ya jirani aliyemkemea, kwa sababu yale maji yako kwenye presha na yanaunguza ngozi mara moja. Tulisubiri karibu saa nzima ndo tukaongeza maji.

Fundi wa kwanza hakuuliza kitu, akatoa themostati akaitupa, akaunga feni direct iwe inazunguka muda wote, akajaza maji, akasema hii nchi ya joto haihitaji hicho kidude. Gari ikatulia wiki mbili, na nasema ilitulia kwa sababu ya maji aliyojaza, sio kwamba ilipona. Jamani hili la themostati linaniumiza maana karibu kila gereji wanafanya. Ule ni mlango wa kuruhusu maji ya injini yapite kwenye rejeta yapoe, kwenye injini kama yangu unaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi, na kwenye injini nyingi za Toyota ukiutoa kuna maji yanapita njia ya mkato yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Toyota wenyewe kwenye vitabu vyao vya ufundi wameandika usiitoe hata kama gari inachemsha. Alafu injini ikitembea baridi muda wote inakunywa mafuta.

Ikachemsha tena. Fundi wa pili akaangalia kwa macho dakika tano akasema mama hii imeua gasketi ya hedi, yaani kile kizibo kati ya hedi ya juu na injini ya chini, injini hiyo imekwisha, tafuta nyingine, milioni moja na nusu na kazi yake. Mhariri, hiyo hela ni mtaji wangu wote wa vitenge. Nililala siku mbili nikiwaza niuze gari kama ilivyo au nikope.

Shemeji yangu ndo akanipeleka kwa mzee mmoja. Yeye alisema mayu (mama kwa Kisukuma), acha gari hapa ilale, nataka kuiona asubuhi ikiwa baridi, na kupima ni elfu ishirini hata nisipokuta kitu. Asubuhi nikakaa pembeni nimuone. Akavuta kijiti cha oili akakipaka kwenye kidole, akanionyesha kwamba ni nyeusi ya kawaida, maji yangeingia ingekuwa kama chai ya maziwa. Akafungua mfuniko injini ikiwa baridi, akawasha, akawa anaangalia mapovu. Akaminya paipu ya juu ya rejeta, akasema kama gasketi imekufa hii inakakamaa dakika za mwanzo tu hata kabla maji hayajapata moto, kwa sababu moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Ilikuwa laini. Akafunga kipampu cha mkono kwenye mdomo wa rejeta, akajaza upepo, mshale wa kipampu ukawa unashuka pole pole, maana yake kuna mahali panavuja, tukatafuta kwa tochi mpaka tukaona chini ya wota pampu, ile inayozungusha maji ya injini, alama nyeupe iliyokauka, kama chumvi. Inavuja ikiwa ya moto inakauka hapo hapo, ndo maana chini sikuwahi kuona tone. Alafu injini ilipopata joto akazima, akapitisha mkono kwenye rejeta, juu moto, chini baridi. Imeziba. Miaka yote nimekuwa naongeza maji ya kisima, kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, naiona ya matajiri.

Pampu, themostati mpya, rejeta kuzibuliwa, mfuniko, kulanti na ufundi, laki mbili na themanini. Mfuniko aliubadilisha kwa sababu spring yake imelegea, akanieleza hapa kwetu tuko juu ya bahari zaidi ya mita 1,100, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, sasa mfuniko usiposhika presha yanachemka mapema.

Nikamuuliza ingekuwa kweli gasketi? Akasema hedi inatolewa inawekewa rula ya chuma, ikiwa imepinda kidogo inasagwa, gasketi mpya, maisha yanaendelea. Injini nyingine unatafuta kama hii imechemshwa mara nyingi mpaka inakula oili na silinda hazina nguvu, na hapo ukiacha rejeta ile ile umechoma hela. Jirani yangu wa Noah ndo yaliyomkuta, injini ya milioni mbili imechemsha kabla ya mwezi kuisha.

Sasa ninachotaka kusema ni hiki. Nikiwa pale alikuja jamaa, gari yake inachemsha, akaambiwa bei ya kupima, akajibu "yaani nikulipe kwa kuangalia?" akaondoka. Hapo ndo nilielewa kwa nini mafundi wengi wanakimbilia kung'oa na kubadilisha, tunawalipa kwenye spea tu, ile saa moja ya kutumia akili tunaitaka bure. Nawaomba wenye gereji waandike ukutani bei ya kupima gari inayochemsha, wachangiane hata gereji tatu kununua hicho kipampu, na sisi wenye magari tulipe bila kununa, tena tupeleke gari mapema mshale ukianza kucheza, sio mpaka ije inavutwa na kamba.

Muuza vitenge,
Igoma, Mwanza