YAH: KUTOBOLEWA KWA BUNDUKI YANGU YA SHABAHA NA KUUZIWA BAIPODI ISIYO NILIYOAGIZA

Meneja Mkuu,
Duka la Vifaa vya Michezo na Uwindaji,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima na kazi zinaendelea. Zangu haziendelei, kwa sababu bunduki yangu imefungiwa kabatini ikiwa na tundu ambalo sikuliomba.

Utaratibu wenu wa kupokea bidhaa yenye kasoro sina haja ya kukueleza. Mmeubandika wenyewe ukutani nyuma ya kaunta, kwa herufi kubwa. Naomba uusome tena, kisha uendelee na barua hii.

Nilichoagiza kimeandikwa kwenye risiti: baipodi fupi, yaani ile miguu miwili ya kuegemezea bunduki kwa mbele, ianzie sentimita 15 na kufika 23, yenye kichwa kinacholala kushoto na kulia. Urefu huo ni wa mtu anayelenga akiwa amelala kifudifudi. Na kichwa hicho si mapambo. Mwanza yetu hii, ukitandika mkeka popote umetandika juu ya jiwe. Mguu mmoja unakuwa juu, mwingine chini, na bunduki ikiinama upande darubini inakudanganya. Kadiri shabaha ilivyo mbali ndivyo risasi inavyozidi kwenda pembeni. Boksi lilisema fupi. Ndani, lilipofunguliwa huko nyuma nisikokuwepo, mlikuwa na baipodi ya mwindaji anayepiga akiwa amekaa, ambayo ikikunjwa kabisa bado ina sentimita 34, na kichwa chake hakigeuki hata kidogo. Nikilala nyuma yake natazama mawingu.

Urefu ningeuvumilia mpaka mbadilishe. Nilichoshindwa kukivumilia ni maneno ya kijana wenu wa kaunta. Nilimweleza kwa adabu kwamba kishikio cha baipodi ile ni cha reli ya Picatinny, na reli iliyo chini ya bunduki yangu ni ya Weaver, aina mbili tofauti za reli zenye mifereji ya kufungia vifaa. Akacheka. Akanijibu mbele ya wateja: "Mama, bunduki ni ya mzee? Basi mwambie aje mwenyewe." Leseni ilikuwa mkononi mwangu. Ina jina langu.

Mfereji wa Picatinny una upana wa milimita 5.23, wa Weaver 4.57. Kipingo cha kishikio kilichotengenezwa kwa ule mpana hakiingii kwenye ule mwembamba hata ukibembeleze. Kinyume chake mara nyingi kinawezekana, na hapo ndipo watu wanapochanganya mambo, lakini anayeuza vifaa hivi hapaswi kuwa miongoni mwa watu hao. Kijana akasema reli ni reli, akachukua nyundo ya mpira. Ilipogoma, akaibeba bunduki kwenda nayo kwa fundi nyuma ya pazia. Nilipotaka kufuata nikaambiwa mteja haruhusiwi kuvuka kaunta, nikae kwenye benchi. Silaha yangu iko kule, mimi niko huku. Kisha nikasikia drili.

Walikuwa wanatoboa ubao wa mbele, ule ulio chini ya mtutu, wafunge pini ya kushikia mkanda wa kubebea bunduki, ili baipodi ishike hapo, kama watu wanaofunga bawaba za mlango wa choo. Skrubu waliyotumia ni ndefu. Imepenya ubao, na ncha yake inaugusa mtutu. Mtutu wa bunduki ya shabaha unatakiwa uelee, ubao usiuguse popote kule mbele, kwa sababu risasi ikipita mtutu unatetemeka, na ukipata moto unatanuka. Ukiwa umeegemea kitu, kila risasi inatoka na tabia yake. Zamani noti ya elfu moja iliteleza kati ya mtutu na ubao bila shida. Sasa inakwama palepale penye skrubu. Mjaribu wenyewe, noti nitaleta mimi.

Hili la simu lilitokea baadaye, ila nalisema hapa kwa kuwa bado linanichoma. Mtu wenu wa malipo aliniambia bidhaa ikishafungwa kwenye bunduki hairudishwi. Aliyeifunga ni nani?

Narudi kaunta, maana pengine umepasoma haraka. Duka lilikuwa limejaa. Kulikuwa na mzee ananunua ndoano za sangara, na vijana wanaulizia bei ya mipira. Nilipotamka Weaver, mfanyakazi wenu hakunitazama mimi, aliwatazama wale vijana, ndipo akauliza, "Mama, bunduki ni ya mzee?" Wakacheka naye. Nikaweka leseni juu ya kaunta. Hakuisoma. Aliisogeza pembeni kwa kidole kimoja, kama amekuta uchafu, akasema mwambie aje mwenyewe. Aliyeinama akaisoma ni yule mzee wa ndoano. Akasema, "Ni yake huyu mama." Kijana wenu hakujibu, akaenda kutafuta nyundo. Mimi ni mtu mzima, na marehemu mume wangu hakuwahi kushika bunduki maishani mwake.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe fedha zangu zote. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuishia hapo. Sasa nataka na ubao mpya, si kuzibiwa tundu kwa gundi, ufungwe na fundi nitakayemchagua mimi kwa gharama yenu. Na yule kijana aniombe radhi kwenye kaunta ileile, duka likiwa wazi, si kwa ujumbe wa simu. Baipodi yenu mtaifuata Kirumba. Sipandi daladala kuwarudishia mzigo wenu.

Nawapa siku saba. Zikipita kimya, suala la bidhaa litakwenda Tume ya Ushindani. Suala la drili litakwenda polisi, nao watawauliza, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, yule wa nyuma ya pazia ana kibali gani cha kugusa silaha ya mtu. Mkiwa nacho, kitafuteni mapema.

Wenu,
Mteja na mmiliki wa bunduki,
Kirumba, Mwanza.

Nakala: Tume ya Ushindani, Kamanda wa Polisi, Mkoa wa Mwanza. (Zimo kwenye bahasha, hazijapelekwa.)