Kioo cha pikipiki kikatwe taratibu
Mhariri naomba nafasi niongee na bodaboda wenzangu wa Dodoma. Kwa upepo wa huku kwetu na vumbi lile kioo cha mbele, kile cha plastiki cha kukinga upepo, ni muhimu jamani, ila kikiwa kirefu mpaka usawa wa macho usiku taa za malori zinatawanyika kwenye mikwaruzo huoni kitu, kipunguze ili macho yapite juu yake. Hata nyumbani unakata, bandika selotepu ya karatasi, chora mstari, shika msumeno wa meno madogo twende polepole maana ukikimbiza plastiki inayeyuka au inapasuka, kisha piga msasa pale ulipokata. Bolti za kukifungia ziwekee washa za mpira, zile pete ndogo, usikaze sana. Na petroli msifutie kabisa, inaleta nyufa! Maji na sabuni yanatosha.

Dereva bodaboda, Nkuhungu, Dodoma